Wimbo wa Saa Tisa Alasiri

Kwa karibu miezi minne tulimliza mama yetu kila siku saa tisa alasiri, na tukawa tunajipongeza.

Baada ya chakula cha mchana na kausingizi kafupi, dada yangu alikuwa anamtoa barazani, anamkalisha kwenye kiti kinachotazama barabara, anamfunika kanga miguuni, kisha anaweka kispika juu ya kigoda na kubonyeza. Wimbo wa kwanza kwenye flashi ulikuwa taarabu ya Tanga ya miaka ya sabini. Gitaa, besi inayotembea kwa maringo, halafu sauti ya mwanamke inayoingia bila haraka yoyote. Ubeti wa kwanza haujaisha, Mama ameshaingia. Mwanamke ambaye asubuhi yake alishika kijiko akakigeuzageuza asijue ni cha nini, ambaye mimi binti yake alinikaribisha kama mteja aliyefuata gauni, alikuwa anaimba ubeti baada ya ubeti, na kiitikio, na hata zile pumzi anazovuta mwimbaji kabla ya kurudi. Mguu wake wa kulia ukigonga sakafu. Halafu machozi. Hakuwa na kwikwi wala kelele. Yalikuwa yanashuka tu, na yeye anaimba.

Tukarekodi, tukatupia kwenye grupu la familia. Yakamiminika makopakopa kutoka Dar, Arusha na Mombasa. “Mama bado yumo,” aliandika binamu yangu mmoja. “Subhanallah, muziki ni dawa.”

Wiki hiyohiyo mwingine akatutumia ile video iliyozunguka dunia mwaka 2020, ya bibi Mhispania aliyewahi kuwa mcheza baleti. Ana Alzheimer, ugonjwa wa kusahau uleule wa Mama, amekaa kwenye kiti cha magurudumu. Anavishwa vya kusikilizia masikioni, muziki wa Tchaikovsky unaanza, na mikono yake inainuka kama mbawa. Niliitazama mara nyingi, na sioni haya kusema nililia. Ni baadaye sana nilipojua kwamba zile picha za msichana anayecheza jukwaani, zilizochomekwa katikati ili tuamini ndiye yeye ujanani, ni za mchezaji mwingine kabisa. Mikono ya bibi yule ilikuwa ya kweli. Kilichoongezwa ni hadithi.

Nasi barazani kwetu tulikuwa tunafanya vivyo hivyo. Machozi yalikuwa ya Mama, hadithi tuliitunga sisi.

*

Mama alikuwa fundi cherehani Ngamiani, Tanga, kwa zaidi ya miaka arobaini, na ugonjwa ulijionyesha kwenye kitambaa kabla ya kujionyesha kwenye maneno. Mwaka 2017 alishona gauni lenye mikono miwili ya kushoto. Mteja alicheka, Mama akacheka, likafumuliwa. Mwezi uliofuata likatoka jingine. Baadaye akawa anapima mtu, anaandika namba, anageuka kuchukua mkasi, anarudi kumpima upya. Hospitali ya kwanza tuliambiwa ni umri tu, tumpe matunda na tusimsumbue. Jirani mmoja alitunong'oneza habari za mkono wa mtu. Ilipita miaka miwili kabla ya daktari mmoja wa mishipa ya fahamu kutuketisha na kutaja Alzheimer, jina la Mjerumani aliyeueleza ugonjwa huu kwa wenzake mwaka 1906. Mke mwenziwe Mama, ambaye sisi watoto tunamwita Mama mdogo, hajawahi kulitamka. Kwake ni “ule wa Kijerumani”, kama lile boma na reli.

Watu wengi wananiambia huu ni ugonjwa wa Ulaya, huku kwetu wazee wanazeeka tu. Nawajibu kwa Hai, Kilimanjaro. Watafiti walipita vijijini wakawachunguza watu wa miaka 70 na kuendelea, na taarifa waliyotoa mwaka 2013 ilisema kiasi cha 6.4 katika kila mia walikuwa na dimensia, jina la jumla la magonjwa yanayodhoofisha akili, Alzheimer ikiwemo. Hesabu wazee wa mtaani kwako uone.

Sasa, kabla sijaeleza tulivyokosea, niseme tulichopatia. Ni kweli kwamba nyimbo za zamani hubaki. Alzheimer kwa kawaida huanza kula sehemu inayoitwa hipokampasi, kipande kidogo kilichojikunja ndani ya ubongo, usawa wa masikio, ambacho kazi yake ni kuandika mambo mapya daftarini. Ndiyo maana Mama alijua bei ya khaki ya mwaka 1974 na hakujua kama amekula. Mwaka 2015 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, waliwapigia vijana wazima nyimbo za aina tatu: wanazozijua tangu zamani, walizozisikia karibuni, na wasizozijua kabisa. Wakatazama ni sehemu gani za ubongo zinazoshughulika na zile za zamani, kisha wakaenda kuziangalia sehemu hizo kwa wagonjwa wa Alzheimer. Zilikuwa miongoni mwa zile ambazo ugonjwa unachelewa kuzikondesha. Na ziko wapi? Juu, katikati, jirani na zinazopanga mwendo wa mwili. Mimi si daktari, ni mwalimu wa hesabu, lakini nilipolisoma hilo nilifikiria mguu wa kulia wa Mama.

Maana tulidhani anacheza. Hakuwa anacheza. Ilikuwa pedali. Kwa miaka arobaini redio ilikaa juu ya kabati la vitambaa, Redio Tanzania kutwa nzima, na mguu wa Mama ukifuata cherehani huku masikio yakifuata redio. Vitu hivyo viwili vilishonana humo ndani kwa uzi mmoja. Wimbo ukianza, mguu unatafuta kazi.

Tulipatia pia kuchagua nyimbo za kale. Watafiti wengi wamelithibitisha jambo ambalo kila mpiga diski wa harusi analijua: nyimbo zinazomgusa mtu mzima kwa nguvu kuliko zote ni zile za ujana wake, kati ya miaka kumi na thelathini hivi. Mama alizaliwa 1946. Tulipiga hesabu tukasema, haya, miaka ya sitini na sabini, taarabu, maana ni mwanamke wa Tanga na Tanga ndiko vikundi kama Black Star na Lucky Star vilikoibadilisha taarabu, vikaitia gitaa na Kiswahili cha mitaani. Hesabu ilikaa sawa kabisa. Mtu mwenyewe hatukumuuliza, na wakati huo hata kama tungemuuliza asingetujibu.

*

Mama mdogo alikuwa anakuja kila Jumatano na kapu la ndizi mzuzu. Wakati huo wote alikuwa anakuja asubuhi. Siku moja usafiri ukamchelewesha akafika saa tisa.

Nilikuwepo. Alikunja kona, akasikia, akasimama katikati ya barabara. Bodaboda ikampigia honi. Akaja barazani, akaweka kapu chini, hakusalimia. Alimtazama Mama, ambaye machozi yalikuwa yameshafika kidevuni, akanitazama mimi.

“Zima.”

“Mama mdogo, anaupenda huu, mwone anavyo—”

“Zima, mwanangu.”

Nikazima. Mama aliendelea kuimba mistari miwili peke yake, kisha akanyamaza kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

Baba alioa mke wa pili mwaka 1979. Mimi nilikuwa na miaka saba. Nakumbuka biriani ya harusi ile, nakumbuka nilivyopewa soda nzima peke yangu, na katika maisha yangu yote sijawahi kujiuliza Mama alikuwa wapi usiku ule. Mama mdogo alijua. Alikuwa nyumbani, barabara mbili tu kutoka kwenye shughuli, anashona. Na kikundi kilichoitwa kutumbuiza kilipiga wimbo huo.

“Walitunza mno,” Mama mdogo alisema. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, anamenya ndizi ambazo hakuna aliyemwomba amenye. “Kila ukitaka kwisha mtu anainuka na noti, wanaurudia. Mara tatu. Na mimi nimekaa kwenye kiti cha biharusi, nimepakwa hina mpaka kwenye viwiko, nawaza, mwenzangu anasikia. Ukuta hauzuii taarabu.”

Mama na yeye walikuja kupatana. Ilichukua miaka na maneno mengi ambayo sisi watoto tulifukuzwa tusiyasikie, lakini walipatana, kiasi kwamba Baba alipofariki walikaa eda nyumba moja. Na ugonjwa ulipokuja, ulianza kufuta mambo ya karibuni ukirudi nyuma, kama mtu anayefumua nguo kuanzia pindo. Ulifuta kifo cha Baba. Ukafuta upatanisho. Kisha ukaifuta ndoa yenyewe ya pili. Siku hizi Mama akimwona Mama mdogo anamwita “yule dada mwenye sauti”. Hajui kwamba aliwahi kuletewa mwenza. Ila wimbo ukipigwa, maumivu yanakuja bila mwenyewe, hayana jina, hayana sababu, na hana pa kuyaweka.

Nilimuuliza daktari kama hilo linawezekana, mtu kubaki na uchungu wa jambo asilolikumbuka. Akanielekeza kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, uliochapishwa mwaka 2014. Waliwachukua wagonjwa 17 wa Alzheimer na wazima 17, wakawaonyesha vipande vya filamu za huzuni kwa kama dakika ishirini, na wakati mwingine vya furaha. Muda mfupi baadaye wagonjwa walikuwa hawakumbuki karibu chochote walichokiona, na mmoja hakukumbuka hata kwamba aliona filamu. Lakini huzuni ilikuwa bado imewakalia hadi nusu saa. Na waliokumbuka kidogo zaidi ndio waliohuzunika muda mrefu zaidi.

Sentensi hiyo ya mwisho niliisoma nikiwa kwenye daladala, nikashukia kituo kisicho changu.

Kwa sababu nilikumbuka magharibi zetu. Miezi ile yote Mama alikuwa anakuwa mgumu kuanzia saa kumi na moja: anakataa chai, anasukuma mkono wa dada yangu, anataka kwenda “nyumbani” ilhali yuko nyumbani. Tulisema ndio kawaida ya ugonjwa, jua likizama wanasumbuka. Ni kawaida kweli, wengi huwa hivyo. Lakini tulipoacha wimbo ule, magharibi zilipungua makali. Sitadai ni wimbo peke yake. Ninachodai ni kwamba mtu mzima akichomwa na wimbo anainuka anazima redio, au anasema badilisha. Mama alikuwa amekaa pale ambapo tulimkalisha, anasikia tulichobonyeza, na alipolia tulimpiga picha.

*

Aliyetutoa gizani ni Mjomba.

Mjomba ni kaka yake Mama, mkubwa kwake kwa miaka mitatu. Alipiga gitaa la besi kwenye bendi ndogo za dansi za Tanga, enzi ambazo mji huu ulikuwa unavimba kwa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz na vijana wote walitaka kuwa humo. Kwa miaka tisa sasa ana Parkinson, ambao mtaani tunauita ugonjwa wa kutetemeka, ingawa kwake kutetemeka ni kitu kidogo. Kikubwa ni uso. Ugonjwa huu huua seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na mwendo na raha, misuli ikawa migumu na mizito kuamka, na ya usoni nayo imo. Mjomba hacheki tena kwa uso. Hakunji kipaji, hainui nyusi. Ukimpigia muziki alioupiga kwa mikono yake, anakutazama kama mtu anayesubiri zamu yake benki.

Kwa hiyo yeye tulimwacha. Hatukuwahi kumwekea chochote. Tulisema muziki umeshamtoka.

Angalia basi tulivyokuwa hodari wa kusoma nyuso. Huyu analia, tukasema amefurahi. Huyu hana uso wa kulia wala kucheka, tukasema hana kitu ndani.

Nilimpelekea habari za wimbo wa saa tisa, nikiwa nimejaa aibu, nikitaka mtu mkubwa aniambie si kosa langu. Hakuniambia hivyo. Alisema, kwa sauti yake ya siku hizi ambayo lazima uiinamie, “Nani kawaambia dada yangu mtu wa taarabu?”

Ndipo nikasikia habari za msichana ambaye sikuwahi kukutana naye. Mwaka 1963, miaka kumi na saba, anatoka nyumbani na buibui, anamwambia bibi yetu anakwenda kwenye maulidi kwa shoga yake. Buibui linavuliwa nyuma ya ukumbi, analikabidhi kwa kaka yake ambaye analifutika kwenye boksi la gitaa, na chini yake kuna gauni alilolishona mwenyewe, la kiuno kilichobanwa. Anacheza chacha na rumba mpaka wimbo wa mwisho. Anarudi na buibui linanuka vumbi la boksi. Alipoolewa akaacha, na hakulitaja tena kwa mtu yeyote kwa miaka hamsini na zaidi. Taarabu ilikuwa ya redioni, ya kufanyia kazi. Dansi ilikuwa yake.

“Na wewe, Mjomba,” nikamuuliza, “muziki bado unausikia?”

Alikaa kimya muda mrefu kiasi kwamba nilidhani hakusikia swali. Kisha akasema: “Uso ndio umekataa. Dawa ikiwa imeshika, wimbo unanipata vilevile. Dawa ikiisha nguvu nausikia, lakini haunifikii.”

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi kichwani, kwa sababu lina mambo mawili na si moja. La kwanza linafariji: ndani ya uso ule mgumu kuna mtu anasisimka. La pili halifariji. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, Kanada, walionyesha kwamba mtu akisikiliza muziki anaoupenda mpaka vinyweleo vikasimama, ubongo wake unamwaga dopamini, tena mara mbili: kwanza anapongojea ile sehemu tamu, halafu inapofika. Sasa mwenye Parkinson ndiye ambaye ghala lake la dopamini linafilisika. Kuna saa ambazo raha yenyewe imepungua, na si uso peke yake. Huwezi kujua ni saa ipi kwa kumtazama. Inabidi umuulize, ungoje, na uiname.

Mdundo lakini haujamwacha hata siku moja. Mlangoni huwa anaganda. Miguu inakataa kuvuka kizingiti kama imepigiliwa. Kumvuta ni kumwangusha. Anachosema ni “nigongee”. Nagonga fremu ya mlango kwa kifundo cha kidole, mwendo wa rumba, na mguu unainuka, anavuka, anasema ahsante. Hospitali za wenzetu wanalifanya hilo kwa mpango tangu miaka ya tisini, wagonjwa wanafundishwa kutembea kwa kufuata muziki wenye mapigo dhahiri. Mjomba alijigundulia mwenyewe kwenye mlango wa choo. Na huko Hai niliyoitaja, waliohesabu wagonjwa wa Parkinson katika watu zaidi ya 160,000 walikuta 33, wengi wao hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote wanaumwa nini. Najiuliza ni wangapi wameketi pembeni mwa redio iliyozimwa, kwa sababu nyuso zao zimesema hawataki.

Kuna ugonjwa wa tatu ambao sijauona kwetu, nami naomba nisiuone: dimensia inayoanzia mbele ya ubongo na pembeni. Hiyo haianzi kwa kusahau, inaanza kwa kubadilisha mtu. Mwaka 2000 madaktari wa Italia waliandika habari za mwanasheria wa miaka 68, mpenzi wa muziki wa hali ya juu wa Ulaya, mtu aliyezoea kuuita muziki wa vijana kelele tupu, ambaye alipopatwa na ugonjwa huo akaanza kuisikiliza bendi ya vijana iitwayo 883, kwa sauti ya juu, kutwa. Mwaka uliofuata Wamarekani wakaandika habari za mwingine aliyepagawa na polka, muziki wa kuchezea wa Ulaya. Na wengine wenye ugonjwa wa jamii hiyo hupoteza hata uwezo wa kutambua kama wimbo ni wa huzuni au wa furaha. Masikio mazima, maana haimo. Ningefanya nini na mzee wa namna hiyo? Orodha ya nyimbo za ujana wake ingekuwa ya mtu mwingine. Labda ningemwachia polka yake.

*

Mjomba alitutajia nyimbo kumi na moja. Tulipata saba. Tuliziweka Ijumaa moja asubuhi, na kaka yangu mkubwa alikuwepo, yeye ambaye tangu mwanzo alishikilia kwamba mtu wa umri ule awekewe Qur'ani basi. Hoja yake haikuwa mbaya. Ukimsomea Mama aya za juzuu ya mwisho ukakatisha katikati, anamalizia, na tajwidi yake iko palepale alipoiacha chuoni. Sisemi Qur'ani ni muziki, msinijie juu. Nasema kilichoingia utotoni kwa sauti na pumzi kimekaa.

Basi zikapigwa. Wimbo wa kwanza, hakuna. Wa pili, hakuna. Nilimwona kaka anatazama saa. Wa tatu ulipoingia na tumba, Mama aligeuza kichwa upande wa barabara, akakiinamisha kidogo. Hakuimba neno hata moja. Sidhani kama aliwahi kuyajua maneno. Alikuwa anacheza wakati wenzake wanasikiliza. Mabega ndiyo yaliyoanza. Kisha akashika kiuno cha dera lake kwa vidole viwili, akakivuta, akakiachia, akasema kwa uchungu wa fundi: “Hili pana. Nani kashona hili?” Na akacheka. Dada yangu alisema amelishona Mama mwenyewe, na Mama akacheka zaidi.

Kaka alivaa kofia yake akaondoka kwenda msikitini, saa nzima kabla ya adhana. Hajasema neno tena.

Sijui kama mnataka kusikia kwamba alianza kutukumbuka. Hakuanza. Waliokusanya majaribio 22 ya tiba za muziki kwa wenye dimensia, katika mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, walikuta kwamba huenda tiba hizo zinapunguza sononi na usumbufu wa jumla wa tabia, na kwamba kwenye kumbukumbu na akili hazina la maana. Ndivyo tulivyoona. Tunaweka nyimbo tatu, si zaidi, na mtu anakaa naye mpaka mwisho na nusu saa baada ya mwisho, bila simu. Akikunja uso tunabadilisha. Kuna siku hataki chochote, anataka barabara tu, na tunamwachia barabara. Tangu mfungo uliopita siku hizo zimekuwa nyingi. Mguu unagonga mara chache. Juzi niliweka ule wenye tumba, nikamtazama mabega mpaka ukaisha.

Mjomba tunamchukua Jumapili, saa moja baada ya kumeza dawa, wanakaa barazani wote wawili. Yeye hana uso, dada yake hana majina. Vidole vyake vinne vya mkono wa kushoto vinabonyeza mkono wa kiti, nyuzi ambazo hazipo, na nimejifunza kuvitazama hivyo badala ya kumtazama usoni.

Ule wimbo wa saa tisa nilitaka kuufuta. Nilikuwa nimeshachomeka flashi kwenye kompyuta, Mama mdogo yuko nyuma yangu anakunja nguo za Mama, akauliza ninafanya nini. Nikamwambia. Akaendelea kukunja. Alimaliza kanga mbili, akazilinganisha pindo.

“Usiufute,” alisema. “Niwekee mimi kwenye simu.”

Nikageuka.

“Ilikuwa harusi yangu,” akasema. “Miaka yote hii nyumba hii sijathubutu kuuimba.”

Nikamwekea. Alinitaka nimwonyeshe jinsi ya kupunguza sauti, akajaribu mara mbili mbele yangu kuhakikisha, kisha akaitia simu ndani ya kapu, chini ya ndizi, akaenda kumchana Mama nywele.